Wikiendi Minneapolis, nyuzi 23 chini ya sifuri: mbona Makambako nilitetemeka zaidi?

#1 Kipupwe
Wakuu, habari zenu.

Naishi Houston mwaka wa sita sasa, kwetu ni Makambako, nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Wikiendi iliyopita mimi na mke wangu tulipanda ndege Ijumaa jioni kwenda Minneapolis, jimbo la Minnesota kaskazini mwa Marekani, tukarudi Jumapili usiku. Kazini walitushangaa, maana Januari watu wa kule ndio wanaokimbilia kwetu kusini. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: kusimama juu ya ziwa lililoganda kwa miguu yangu.

Jumamosi saa mbili asubuhi kipimo kilisoma nyuzi 23 chini ya sifuri. Pumzi ya kwanza nje ya hoteli, vinyweleo vya puani vikashikana. Theluji chini ya buti inalia kwii, kwii, kama unapominya unga wa muhogo mkavu ndani ya mfuko. Kope za mke wangu zikageuka nyeupe. Tukaenda Lake Harriet, tukatembea juu ya ziwa kama dakika arobaini, tumevaa vizuri kweli. Na nawaambieni kwa dhati, sikutetemeka.

Sasa nakumbuka Makambako mwezi wa saba, niko darasa la tano. Alfajiri nanawa maji ya ndoo, meno yanagongana mpaka nashindwa kumwitikia mama. Na ile ndoo sijawahi kuiona imeganda hata siku moja.

Inakuwaje? Wenye elimu na wenye uzoefu naomba mnisaidie.

#2 Mkinangop
Karibu kwetu, ndugu. Mimi niko Brooklyn Park, kaskazini kidogo ya Minneapolis, na Wakenya tuko wengi huku.

Nyuzi 23 ni siku ya kawaida ya Januari ikichachamaa. Tarehe 30 Januari 2019 uwanja wa ndege ulisoma 28 chini ya sifuri kwa kipimo cha Fahrenheit, yaani kama 33 kwa Selsiasi, na ukiweka upepo ikafika kama 48. Hata barua hazikusambazwa siku hiyo. Betri za magari zilikufa mtaa mzima, na si ajabu kwa 48 chini ya sifuri.

#3 Mama Nuru
Kipupwe, jibu ni unyevu. Niko Manchester mwaka wa kumi na mbili. Hapa nyuzi 3 juu ya sifuri na manyunyu, baridi inaingia mpaka kwenye uboho. Dada yangu yuko Calgary, kila siku ananiambia baridi yao kavu, unavaa unapita. Makambako kuna ukungu, si kuna ukungu? Basi.

#4 Fizikia_Tabora
Masahihisho mawili, kwa heshima.

Mkinangop, upepo haupozi betri kupita joto la hewa yenyewe. Kama hewa ni 33 chini ya sifuri, betri itaishia 33, ila itafika huko haraka zaidi. Ile 48 ni hesabu ya jinsi ngozi ya binadamu inavyopoteza joto.

Mama Nuru, hiyo "baridi kavu" inahitaji uangalifu. Nje ya Minneapolis Januari unyevu wa asilimia uko juu tu, 70 na zaidi ni kawaida. Kinachopungua ni kiasi cha maji: hewa ya nyuzi 23 chini ya sifuri haiwezi kubeba hata gramu moja ya mvuke kwa mita ya ujazo, na ya nyuzi 3 inabeba kama sita. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuondoa joto la mwili wako. Mvuke ukiongezeka kidogo hewani haukupozi kiasi cha kugonganisha meno.

#5 Mama Nuru
Mwalimu, basi uniambie kwa nini sweta langu likikaa kwenye kamba ya nyumbani kwangu siku tatu bado lina ubichi, na nikilivaa nahisi nimevaa samaki. Huko kwa Kipupwe theluji unaipangusa begani kwa mkono inaanguka. Kwangu ni maji, yanaingia.

#6 Fizikia_Tabora
Hapo nakubali. Nguo iliyolowa ni jambo jingine kabisa. Hewa iliyotulia kati ya nyuzi za nguo ndiyo inayokulinda, maji yakichukua nafasi yake kinga imekwisha. Lakini huo ni ubichi wa nguo, tuuite hivyo.

#7 Fundi Mabati
Nyote mmeruka kitu kilicho wazi. Mimi niko Makambako, naezeka nyumba, hii ni kazi yangu.

Kipupwe alipokuwa darasa la tano alilala kwenye nyumba ya aina gani? Mabati juu, dari hakuna, sakafu ya saruji, mlango umeachia vidole viwili chini, dirisha la mbao. Nje nyuzi 5, ndani labda 10, usiku kucha. Hakuna dakika hata moja ambayo mtoto yule anapata joto. Huko Minneapolis alitoka kwenye chumba cha nyuzi 21, akatembea dakika arobaini, akarudi kwenye nyuzi 21. Huyo hakukaa kwenye baridi, aliitembelea.

#8 Kipupwe
Fundi, umenigusa. Nyumba yetu ilikuwa hivyo hivyo, na ule mlango naukumbuka. Mama alikuwa anaziba chini kwa gunia la mbolea.

Na kweli ndani kule ni joto la ajabu. Katikati ya mji kuna madaraja yaliyofunikwa vioo ghorofa ya pili, yanaunganisha jengo na jengo, wenyewe wanayaita skyway. Tulianza hotelini tukala, tukanunua soksi, tukafika upande wa pili wa mji, na koti nimelibeba mkononi. Jumapili tukaenda Mall of America, lile jengo kubwa la maduka, palepale Minneapolis kwa treni ya mjini. Nikasikia kwamba kumbi zake hazina hita kuu! Joto linatoka kwa watu, taa na jua la kwenye paa la vioo. Nje 18 chini ya sifuri, ndani watoto wamevaa fulana.

#9 Nesi wa Usiku
Salamu kwenu. Niko Saint Paul, nafanya kazi zamu ya usiku.

Kwanza Mall of America haiko Minneapolis, iko Bloomington, karibu na uwanja wa ndege. Ilifunguliwa 1992. Hilo la kutokuwa na hita kuu kwenye kumbi ni kweli. Na skyway ni kweli zinafika kama kilomita 15 na kugusa karibu mitaa 80, ila mgeni wa wikiendi ajihadhari, usiku na Jumapili sehemu nyingi hufungwa. Nimewahi kumkuta mama na watoto wawili wamesimama mbele ya mlango wa kioo uliofungwa, hawajui ngazi ya kushukia barabarani iko wapi, na makoti wameacha hotelini.

Sasa Kipupwe, nakuambia kwa upendo. Ulikaa saa arobaini na nane. Wewe umeona uzuri wa baridi, na uzuri upo, sikatai. Lakini Januari jua linazama karibu saa kumi na moja jioni na kuchomoza karibu saa mbili kasoro asubuhi. Mimi naingia kazini giza, natoka giza. Kuna wiki nilikuwa silioni jua kabisa. Mwaka wangu wa pili nililia kwenye maegesho ya magari bila sababu yoyote, nimeshika koleo la theluji. Daktari akanipima, vitamini D iko chini sana. Ngozi zetu nyeusi zinaitengeneza polepole, na majira haya jua la huku halina nguvu ya kutosha. Tangu hapo natumia vidonge alivyoniandikia, na naketi mbele ya taa maalumu kila nikiamka.

Kwa hiyo usipime Makambako ya miaka kumi na Minneapolis ya siku mbili. Sio mzani mmoja.

#10 Mkinangop
Nesi, pole sana dadangu. Hilo la maegesho naliamini, nimelipitia kwa namna yangu.

Mwalimu, la betri nimekubali.

#11 Mpagazi wa Machame
Mimi sijafika Marekani, lakini baridi naijua kwa kazi. Miaka tisa Kilimanjaro. Kambi ya Barafu iko mita 4,673, tunaondoka saa sita usiku kwenda kileleni, na Uhuru ni mita 5,895. Alfajiri pale juu nyuzi 10 chini ya sifuri ni kawaida, zikizidi unafika 20. Kwa hesabu yenu ni baridi ndogo kuliko Minneapolis ya Kipupwe. Lakini nimeona Wazungu wa nchi za theluji wanatetemeka mpaka hawawezi kufungua chupa ya maji. Mmoja aliniambia kwao Norway huwa anateleza na watoto kwenye baridi kubwa kuliko ile.

Mimi nasema ni njaa, uchovu na usingizi. Kileleni hewa ni kama nusu ya pwani, chakula hakipandi, mwili hauna kuni za kuchoma. Mteja akila ndizi nyama jioni na uji usiku kabla ya kuondoka, namjua, yule hatatetemeka sana. Kipupwe, wewe darasa la tano ulikuwa unatoka nyumbani umekula nini? Samahani kwa swali.

#12 Kipupwe
Mpagazi, usiombe samahani. Chai ya rangi, siku nyingine bila sukari. Hotelini Minneapolis nilikula mayai manne.

#13 Bin Seif
Assalaam aleikum. Niko Muscat, asili yetu Unguja. Nimewasoma tangu mwanzo mpaka nimeshawishika. Mwanzo wa Februari nina safari ya kikazi Chicago, nikafikiria kuongeza wikiendi moja Minneapolis na mke wangu na kijana wetu wa miaka saba. Baridi kubwa niliyowahi kuipata ni Jebel Shams usiku mmoja, karibu na sifuri. Tuvae nini? Mke wangu havui baibui lake.

#14 Mkinangop
Bin Seif, wa aleikum salaam. Baibui halina shida, ni tabaka moja tu. Wanawake wa Kisomali wako huku maelfu, nenda mtaa wa Cedar-Riverside uone wanavyovaa: la ndani linabana mwili, sweta juu, baibui, halafu koti refu linalofika magotini. Ukiwa pale kunywa chai yao ya viungo na sambusa.

Chochote kinachogusa ngozi kisiwe pamba. Pamba ikinyonya jasho inabaki nayo. Tafuta sufu nyembamba au vile vitambaa vya michezo. Halafu sweta, halafu koti la kuzuia upepo. Kijana umnunulie glavu zile za vidole vinne kukaa pamoja, vidole vinapashana joto. Boshori ishuke kwenye masikio. Buti ziache nafasi ya soksi nzito, zikibana damu haipiti. Na usinunue Muscat, nunua hapa. Minnesota hakuna kodi ya mauzo kwenye nguo za kawaida.

Ukikodi gari, uliza kuhusu maji ya waipa. Kampuni moja ilinipa gari lenye maji yasiyo ya baridi. Niko barabara kuu, lori limenirushia tope la chumvi kwenye kioo, nabonyeza, hayatoki, yameganda. Nilifungua dirisha nikatoa kichwa nje hadi njia ya kutokea. Sitaki mtu mwingine apitie hilo na mtoto ndani ya gari.

Na theluji ikianguka nyingi, jiji likitangaza dharura, siku ya kwanza usiku huegeshi kwenye barabara kuu zilizotajwa, ya pili upande mmoja wa mitaa mingine, ya tatu upande wa pili. Ukikosea gari linavutwa.

#15 Fundi Mabati
Ndugu, boshori ndiyo nini?

#16 Mkinangop
Ile kofia ya kufuma inayoshuka masikioni.

#17 Fundi Mabati
Kumbe mzula.

#18 Sada wa Bukavu
Bandugu, jambo. Mimi niko Montréal tangu 2016. Minneapolis ni muzuri lakini kuja huku pia. Wao wanatembea juu, sisi tunatembea chini ya udongo: métro, maduka, ofisi, kilomita zaidi ya 30 bila kutoka inje. Ilianza na jengo la Place Ville Marie mwaka 1962.

Kuhusu kutetemeka, Mama Nuru ana haki kidogo. Huku siku ya karibu na sifuri na mvua yenye kuganda ni mbaya kuliko siku ya 20 chini ya sifuri yenye jua. Siku ya jua batoto banacheza inje. Siku ile ingine hata mbwa anakataa.

#19 Nesi wa Usiku
Sada, skyway ya kwanza Minneapolis nayo ni 1962! Mwaka uleule. Sikujua hilo la kwenu.

Na hilo la jua ni kweli. Baridi kali sana huku huja na anga safi, maana usiku bila mawingu joto la ardhi linapanda juu na kupotea. Asubuhi yake jua linapiga theluji mpaka macho yanauma. Pengine Kipupwe alibahatika kupata jua usoni.

#20 Sato wa Mwanza
Mimi bado niko pale aliposema alitembea juu ya ziwa. Ziwa zima? Nimevua tangu utoto, siwezi kuweka mguu. Na samaki je, wanakufa?

#21 Mkinangop
Hawafi. Watu wanatoboa shimo kwa keekee kubwa, wanaketi na ndoano ndani ya kibanda chenye jiko. Wanapenda sana samaki anaitwa walleye, nyama nyeupe haina mifupa mingi. Wengine wanaingia na gari.

Idara ya maliasili ya jimbo inasema inchi 4 za barafu safi kwa mtu wa miguu, 9 hadi 10 kwa gari dogo. Na wanarudia kila mwaka kwamba hakuna barafu salama asilimia mia. Karibu na daraja au mahali maji yanapoingia inaweza kuwa nyembamba hata kama kando yake ni nene. Mgeni afuate walipo wenyeji, asianzishe njia yake.

#22 Fizikia_Tabora
Sato, maji huwa mazito zaidi kwenye nyuzi 4. Yakizidi kupoa yanakuwa mepesi na kukaa juu, ndiyo maana barafu inaanzia juu, na chini samaki wanabaki kwenye maji ya karibu nyuzi 4. Laiti maji yangekuwa kama vimiminika vingine, ziwa lingegandia chini kwenda juu.

Nikirudi kwa Kipupwe, kuna jambo hatujalisema. Alikuwa mtoto. Mtoto ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, anapoteza joto haraka kuliko mtu mzima. Bin Seif, hili likuhusu pia: wewe ukijisikia vizuri haina maana kijana wako yuko vizuri.

#23 Nesi wa Usiku
Naunga mkono, naongeza. Mwangalieni mtoto pua, masikio, mashavu na vidole kila baada ya dakika kumi. Ngozi ikipauka, ikawa ngumu kama nta, au akisema haimuumi tena, ingieni ndani papo hapo. Msisugue, na msisugue kwa theluji kabisa, wazee wengine wanashauri hivyo na wanaharibu ngozi. Maji ya uvuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, na hospitali kama rangi hairudi.

Na mlioko nyumbani nyanda za juu: jiko la mkaa lisilale ndani na watu. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala moshi, na haimwamshi mtu.

#24 Fundi Mabati
Nesi, Mungu akubariki kwa hilo. Huku kila kipupwe tunazika.

Mwalimu na wengine, mwezi wa sita au wa saba nitaweka kipimajoto nyumba ya aina ile ya kina Kipupwe, ndani na nje. Tuache kubishana bila namba.

#25 Bin Seif
Tumerudi, alhamdulillah. Jumamosi ilikuwa nyuzi 14 chini ya sifuri. Mlichoniambia tulifuata vyote, ahsanteni.

Kijana alifurahi zaidi maporomoko ya Minnehaha. Mita 16 za maji zimesimama wima, za buluu kwa ndani, na ukitega sikio unasikia maji yanapita nyuma yake. Kuna watu wamevuka uzio kwenda nyuma ya barafu, tulimzuia. Saint Paul tuliwahi siku za mwisho za tamasha lao la baridi, tukaambiwa lilianza 1886, baada ya mwandishi wa New York kuufananisha mji na Siberia.

Mke wangu yeye alipapenda Como, ile nyumba ya vioo ya mimea. Unatoka kwenye theluji unafungua mlango, miwani inaingia ukungu, harufu ya udongo uliolowa inakupiga. Mgomba ule pale. Alisimama chini ya mgomba ameshika koti, hakusema kitu muda mrefu. Hajarudi Unguja tangu mamake alipofariki.

Swali langu moja: kila nikigusa kitasa hotelini napigwa shoti. Kwa nini?

#26 Fizikia_Tabora
Hapo ndipo ukavu wa Mama Nuru ulipo kweli. Hewa ile ya Kipupwe ya nyuzi 23 chini ya sifuri, yenye mvuke chini ya gramu moja, ukiiingiza ndani na kuipasha mpaka nyuzi 21 bila kuongeza maji, unyevu wake unashuka chini ya asilimia 5. Umeme wa msuguano kwenye zulia hauna pa kutorokea, unabaki mwilini hadi ushike chuma. Midomo na pua vinapasuka kwa sababu hiyohiyo.

#27 Mama Nuru
Nimesubiri sentensi hiyo tangu Januari.

#28 Fundi Mabati
Naufufua uzi. Ni tarehe 9 Julai, Makambako. Niliahidi.

Nimeweka vipimo nyumba ya bibi mmoja jirani: mabati, hakuna dari, saruji chini. Saa kumi na moja alfajiri nje nyuzi 4, ndani 9. Bondeni viazi vimepauka kwa kile mnachoita sakitu, sisi tunasema tu barafu imeshuka. Saa nne asubuhi nje tayari 15, ndani bado 11. Yaani mchana ndani kuna baridi kuliko nje, watu wanatoka kuota jua ukutani.

Lakini kuna kitu kimenishinda. Bibi ana miaka zaidi ya sabini, amejifunga kitenge na sweta moja, anachambua maharage hatetemeki. Mjukuu wake ana majaketi mawili na meno yanagongana. Nyumba moja, joto moja, uji mmoja wamekunywa.

#29 Mpagazi wa Machame
Bibi kazoea. Hata wagumu kwetu ni wale waliokulia juu, Marangu na Machame.

#30 Fizikia_Tabora
Au mjukuu ni mwembamba, rudi kwenye #22. Ila wazee nao wakati mwingine hawatetemeki kwa sababu mwili umeshindwa kugundua baridi, hilo si jema, Fundi, naomba umwangalie. Mjukuu alikuwa amekaa wapi?

#31 Kipupwe
Fundi, nimesoma nikiwa kazini nimesimama pembeni. Ahsante sana. Hiyo 9 ndiyo niliyolala nayo.

#32 Fundi Mabati
Bibi alikuwa kwenye kigoda, miguu juu ya ngozi ya mbuzi. Mjukuu alikuwa sakafuni, kwenye saruji.

Kipimo kimoja nakihamishia sakafuni leo usiku. Na bibi nimempelekea blanketi.